Kuharakisha Tovuti ya Mteja: Pima kwa Simu ya Mnunuzi

Mteja anapolalamika kwamba tovuti yake ni nzito, neno hilo "nzito" huwa limebeba maradhi matatu, na fundi asiyeyatenganisha mapema atatibu pasipouma. Ugonjwa wa kwanza ni ukurasa kuchelewa kuonekana: mnunuzi amegusa kiungo na bado anatazama weupe mtupu. Wa pili ni ukurasa kuchelewa kuitikia: picha na maandishi vimeshafika, lakini akigusa menyu au kitufe cha kuagiza hapati jibu. Wa tatu ni ukurasa kurukaruka: ananyoosha kidole kugusa bei ya kabati, tangazo linajitokeza juu, kila kitu kinasukumwa chini na kidole kinatua pasipokusudiwa.

Mwongozo huu ni kwa mafundi wa tovuti wanaofanya kazi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, na mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa karakana ya samani ya Keko yenye tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti. Nimeuchagua kwa sababu samani huuzwa kwa picha, na picha ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wa tovuti nyingi za hapa mjini. Zaidi ya hayo, mnunuzi wa samani ni mtu anayelinganisha. Akiwa kwenye daladala kati ya Mwenge na Posta atafungua maduka manne au matano, na lile lisilofunguka hatalirudia. Anayalipia yote hayo kwa bando lake, kwa hiyo kila megabaiti tunayompakulisha bila sababu ni fedha tuliyomtoa mfukoni pasipo ridhaa yake. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu ndilo linaloamua mpangilio wa hatua zinazofuata.

Hatua ya kwanza: Kaa na mteja kabla ya kugusa chochote

Muulize mteja ni ukurasa upi unaomletea fedha. Mara nyingi si ukurasa wa mwanzo, ingawa ndio ambao yeye mwenyewe huufungua na kuulalamikia. Viungo vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye Instagram humpeleka mnunuzi moja kwa moja kwenye kitanda fulani au sofa fulani, na mnunuzi huyo anaweza kuagiza bila kuuona ukurasa wa mwanzo hata siku moja. Anza na ukurasa huo wa bidhaa.

Kama mteja ni mtu mzima, msalimie ipasavyo na usimwanzie na istilahi. Mwombe muifungue tovuti pamoja kwa simu ya kawaida, Wi-Fi ya ofisi ikiwa imezimwa, na umwambie tu: "Mzee, tuhesabu pamoja mpaka picha ya kwanza itokee." Sekunde hizo za kimya zitamweleza hali ilivyo kuliko ripoti yoyote utakayomletea, na zitakusaidia pia baadaye utakapomwomba akubali kuondoa kitu anachokipenda.

Andikeni makubaliano mafupi yanayotaja kurasa zitakazoshughulikiwa, vipimo vitakavyotumika na vitu visivyoruhusiwa kubadilishwa, kama vile nembo na rangi za biashara. Kisha chukua nakala rudufu ya mafaili yote pamoja na hifadhidata, na uijaribu kwa kuirejesha mahali pa majaribio kabla ya kuanza kazi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa bado ni dhana tu, nami nimeshuhudia mwenzangu akigundua usiku wa manane kwamba nakala yake ilikuwa na mafaili yote isipokuwa hifadhidata iliyobeba bidhaa na bei.

Hatua ya pili: Pima, na upime kwa njia mbili

Kipimo cha kwanza kinatoka kwenye simu halisi. Tafuta simu ya Android ya bei ya chini au ya kati, ya aina ambayo wanunuzi wa mteja wako wanatembea nayo, uiunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, uwashe utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye simu, kisha uandike chrome://inspect kwenye Chrome ya kompyuta. Hapo utaona kila faili linaloshuka kwenye simu, ukubwa wake na muda lililochukua. Tumia data ya mtandao wa simu, si Wi-Fi, na ufungue ukurasa kwenye dirisha fiche (Incognito) ili akiba ya kivinjari isikudanganye, kwa maana kivinjari kilichoutembelea ukurasa jana kina nusu ya mafaili yake tayari. Rudia zoezi hilo asubuhi na jioni, kwa siku tofauti.

Sababu ya kurudia siku tofauti si ukamilifu wa kupita kiasi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Fundi aliyepima tovuti siku hiyo alikuwa anapima bahari, si kazi yake. Kasoro ndogo zaidi hutokea mara kwa mara bila kutangazwa, na jioni mnara mmoja huhudumia watu wengi kuliko asubuhi.

Kipimo cha pili ni PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni ya bure. Ripoti yake ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Sehemu ya juu, inapokuwapo, inatokana na watu halisi waliotembelea tovuti kwa Chrome katika siku 28 zilizopita. Sehemu ya chini ni jaribio la maabara linaloendeshwa na kompyuta zilizo mbali na Dar es Salaam, likiiga simu ya uwezo wa kati kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde wenye ucheleweshaji wa milisekunde 150. Alama ya kijani, ya rangi ya chungwa au nyekundu inayopendwa na wateja hutokana na maabara. Tovuti yenye wageni wachache haitakuwa na sehemu ya juu kabisa, na hapo simu yako ya majaribio ndiyo ushahidi mkuu ulio nao.

Vipimo vya kuandika daftarini ni vitatu, na vinalingana na yale maradhi matatu. LCP ni muda unaopita hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane. Kizuri ni kisichozidi sekunde 2.5, na kikipita sekunde 4 ni kibaya. INP ni muda unaopita tangu mtu aguse kitu hadi skrini ionyeshe jibu. Kizuri ni milisekunde 200 au pungufu, na zaidi ya 500 ni kibaya. Kipimo hiki kilishika nafasi ya kile cha zamani cha FID, kilichopima mguso wa kwanza tu, mwezi Machi 2024, kwa hiyo miongozo ya kabla ya hapo itakupoteza katika jambo hili. CLS hupima kurukaruka, kisizidi 0.1, na kikivuka 0.25 ni kibaya. Google huhesabu kwamba ukurasa umefaulu pale ambapo asilimia 75 ya matembezi yamefikia kiwango kizuri, maana yake wastani haukusaidii: wenye simu duni nao wanahesabiwa, na ndivyo inavyostahili.

Hatua ya tatu: Picha

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi na kupata faida kubwa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Picha inayopigwa na simu ya kisasa huwa na pikseli 4,000 kwa 3,000 na uzito unaoweza kufika megabaiti 4. Mhudumu wa karakana akipakia picha 12 za aina hiyo kwenye ukurasa mmoja bila kuzipunguza, ukurasa umefika megabaiti 48, na kwa kasi ya megabiti 1.6 kwa sekunde mnunuzi atahitaji dakika 4 nzima kuzipata zote. Tatizo haliishii kwenye bando. Ili kuionyesha picha, simu hulazimika kuifungua katika kumbukumbu yake, ambako kila pikseli huchukua baiti 4. Picha moja ya pikseli milioni 12 inakula megabaiti 48 za kumbukumbu hata kama faili lenyewe lilikuwa dogo. Simu yenye RAM ya gigabaiti 2 ikifunguliwa picha kama hizo kadhaa huanza kukwama, na mwenye nayo hudhani ni simu yake iliyoharibika.

Sasa linganisha na kinachohitajika. Skrini ya simu nyingi ina upana wa vipimo 360 vya kivinjari, na kwa kuwa skrini hizo hubana pikseli mbili au tatu katika kila kipimo, picha yenye upana wa pikseli 720 inatosha kuonekana safi kwa wengi. Ihifadhi kwa muundo wa WebP, ubora ukiwa karibu na 75, na mara nyingi picha ya sofa itashuka chini ya kilobaiti 100 bila jicho kuona tofauti. Muundo wa AVIF hushusha zaidi, lakini huchukua muda mrefu kutengenezwa, na kwenye seva ndogo za bei nafuu nimeona ni busara kubaki na WebP. Tukichukua kilobaiti 80 kwa kila picha, zile 12 zinakuwa kilobaiti 960, na kwa mtandao uleule zinashuka kwa sekunde 5 hivi badala ya dakika 4.

Bado unaweza kuendelea. Picha zilizo chini ya skrini ya kwanza zisishuke hadi mnunuzi azikaribie; kwa hizo andika loading="lazy" kwenye msimbo wa picha. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo kitu kikubwa zaidi kwenye skrini, isiwekewe kabisa alama hiyo, bali iwekewe fetchpriority="high" ili kivinjari kiitangulize. Kosa la kuchelewesha picha zote, pamoja na ya juu, ni la kawaida sana kwa sababu programu-jalizi (vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye WordPress) nyingi za picha hufanya hivyo zenyewe. Fundi anafurahi kuona ukurasa umepungua uzito, kisha anashangaa LCP imepanda. Tumia pia srcset ili simu ipewe picha ndogo na kompyuta ipewe kubwa, jambo ambalo WordPress hulifanya yenyewe iwapo mandhari ya tovuti yameandikwa vizuri.

Zipo picha zinazofika kwako kupitia WhatsApp. Hizo zimeshabanwa njiani, na ukizibana tena mbao huonekana kama zimepakwa matope. Mwombe mteja atume picha asilia kama waraka, si kama picha, kisha uzipunguze wewe kutoka kwenye asili mara moja tu.

Mabango yanayojibadilisha juu ya ukurasa wa mwanzo, yale ya picha tano zinazopokezana, yaondoe ukiweza. Msimamo wangu hapa ni thabiti: mnunuzi hupakuliwa picha tano ili aone moja, na msimbo wa kuzizungusha huongeza uzito juu ya uzito. Mwonyeshe mteja picha moja nzuri ya kitanda chake bora, yenye bei, na mara nyingi atakubali. Video nayo isijichezeshe yenyewe. Weka picha tuli yenye alama ya kuchezesha, na video ianze kushuka pale tu mtu anapoigusa kwa hiari yake.

Hatua ya nne: Skripti na programu-jalizi

Ugonjwa wa pili, ule wa kutoitikia, mara nyingi unatokana na skripti za JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Kivinjari kina njia moja kuu ya kufanyia kazi kila ukurasa, na skripti nzito inapoendeshwa humo, mguso wa mnunuzi husubiri nyuma yake kama gari dogo nyuma ya lori kwenye barabara ya Mandela. Kompyuta yako ya kazini haitakuonyesha hali hiyo kwa sababu kichakataji chake kina nguvu mara nyingi zaidi.

Orodhesha kila skripti inayoshuka, na pembeni ya kila moja uandike ni nani anayeitumia kwa sasa. Kisha mpelekee mteja orodha hiyo. Mara nyingi utakuta vihesabu-wageni viwili vinavyohesabu watu walewale, alama ya matangazo ya kampeni iliyokwisha mwaka juzi, na kisanduku cha ukurasa wa Facebook ambacho hakuna anayekigusa. Kuviondoa ni haki hata nje ya suala la kasi, kwa kuwa vingi hukusanya taarifa za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwenye biashara awe na sababu halali ya kukusanya taarifa hizo.

Kuna vitu vitatu ambavyo karibu kila mara huweza kubadilishwa kwa faida. Kisanduku cha mazungumzo kinachoelea pembeni, chenye skripti za mamia ya kilobaiti, kinaweza kubadilishwa kuwa kiungo cha kawaida kinachoanza na wa.me na kufuatiwa na namba ya biashara yenye 255. Mnunuzi akikigusa anafika WhatsApp ileile, na skripti inayohitajika ni sifuri. Ramani iliyopachikwa inaweza kuwa picha ndogo ya ramani inayofungua programu ya ramani ikiguswa. Na vitufe vya kusambaza kwenye mitandao ya kijamii navyo vinaweza kuwa viungo vitupu.

Programu-jalizi za WordPress ziondoe moja moja, ukipima na kujaribu kila baada ya kuondoa. Fundi anayezima kumi kwa mpigo na kukuta fomu ya maagizo haifanyi kazi atapoteza siku nzima akitafuta mhusika. Zinazobaki zifunguliwe pale zinapohitajika tu: programu-jalizi ya fomu haina kazi kwenye ukurasa usio na fomu. Skripti zilizobaki ziwekewe defer ili ukurasa uonekane kwanza.

Hatua ya tano: Seva na umbali

Pima muda unaopita kabla ya baiti ya kwanza kurudi kutoka kwenye seva. Kiwango kinachokubalika ni milisekunde 800 au pungufu, na ukikuta ni sekunde 2, kazi yote ya picha itakuwa inaanza ikiwa imeshachelewa.

Sehemu ya muda huo ni safari. Mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo Ulaya, kilomita 7,000 hivi kutoka hapa, haiwezi kujibu kwa chini ya milisekunde 70 kwenda na kurudi hata mtandao uwe mtupu. Na kwa kuwa nyaya hupinda na vifaa vya njiani huchelewesha, safari halisi ni ndefu zaidi. Muunganisho mpya wa HTTPS, usipotumia HTTP/3 (toleo jipya la itifaki ya kusafirishia kurasa), huhitaji angalau safari tatu kabla ya baiti ya kwanza: moja ya kufungua njia, moja ya kukubaliana usalama na moja ya kuomba ukurasa wenyewe. Safari moja ikiwa milisekunde 150, zimeshapita 450 kabla seva haijaanza kufikiri. Ndiyo maana uelekezaji wa kutoka anwani isiyo na www kwenda yenye www, kisha kutoka http kwenda https, ni gharama halisi. Hakikisha kiungo kilicho kwenye wasifu wa Instagram na kwenye kadi za biashara ndicho cha mwisho, kisichoelekezwa popote.

Mteja anaweza kuhamia seva iliyo nchini, na kama mtoa huduma wake ameunganishwa vizuri na kituo cha kubadilishana data cha TIX hapa Dar es Salaam, data haitalazimika kuvuka bahari na kurudi. Lakini usimshauri ahame kabla ya kujaribu, kwa maana seva ya karibu iliyojaa tovuti nyingi inaweza kuwa ya polepole kuliko ya mbali isiyolemewa. Njia nyingine ni kutumia huduma ya kusambaza maudhui, ambayo huweka nakala za picha na mafaili yako kwenye miji mingi. Kwa Cloudflare, fungua anwani ya tovuti ukiongeza /cdn-cgi/trace mwishoni na utazame mstari unaoanza na colo: herufi DAR zinamaanisha umehudumiwa hapahapa, na JNB zinamaanisha ombi lako limekwenda Johannesburg. Jaribu kwa laini za kampuni tofauti za simu, kwa sababu njia zao si moja.

Sehemu nyingine ya muda ni kazi ya seva yenyewe. WordPress isiyo na akiba hujenga kila ukurasa upya kutoka kwenye hifadhidata kwa kila mgeni, hali bei za makabati hazibadiliki kila dakika. Weka programu-jalizi moja ya akiba ya kurasa, moja tu, na uhakikishe kikapu cha ununuzi na kurasa za malipo haziwekwi akibani, la sivyo mnunuzi mmoja ataona kikapu cha mwingine. Washa ubanaji wa Brotli au gzip kwa maandishi, toleo jipya la PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo), pamoja na HTTP/2 au HTTP/3. Mafaili yasiyobadilika yape Cache-Control (agizo la muda ambao kivinjari kitunze faili) ya mwaka mzima, yaani sekunde 31,536,000, na ukibadilisha faili ubadilishe na jina lake.

Hatua ya sita: Zuia kurukaruka

Hatua hii ni fupi kwa sababu dawa yake ni rahisi. Kila picha iandikiwe upana na kimo chake kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi kabla haijafika. Tangazo au taarifa inayojitokeza baadaye itengewe mahali pake, au ionekane juu ya ukurasa bila kuusukuma. Fonti punguza hadi mbili, zihifadhi kwenye seva yako kwa muundo wa WOFF2, na uziwekee font-display: swap ili maandishi yasomeke wakati fonti bado iko njiani. Kiswahili hakina herufi za ziada, kwa hiyo faili la herufi za Kilatini za kawaida linatosha. Hakuna haja ya kumpakulisha mnunuzi wa Temeke herufi za Kirusi na Kigiriki.

Hatua ya saba: Mkono wa mnunuzi

Ukurasa unaweza kufunguka upesi na bado ukamchosha mtu. Namba ya simu iliyochorwa ndani ya picha ya tangazo haiwezi kuguswa wala kunakiliwa, na hali ndiyo hiyo kwa lipa namba, ambayo wafanyabiashara wengi huiweka kwenye picha nzuri yenye nembo. Iandike kwa maandishi, na pembeni yake uweke kitufe cha kuinakili. Namba ya simu iwe kiungo cha tel ili mguso mmoja uipige. Bei iandikwe kwa shilingi, na gharama ya usafiri itajwe mapema, kwani mtu wa Mbagala na mtu wa Bunju hawalipi sawa.

Vitufe viwe na ukubwa wa vipimo 48 hivi vya kivinjari kila upande, vikiwa na nafasi kati yao, na maandishi yasipungue vipimo 16. Sehemu ya kuandika namba ya simu iite kibao cha tarakimu, na ikubali namba inayoanza na 0 kama inavyokubali inayoanza na 255. Kumkatalia mtu namba yake mwenyewe eti hakuiandika kwa mtindo wa programu ni kumfukuza mlangoni.

Malipo ya simu yanahitaji uangalizi wa peke yake. Mnunuzi akigusa kitufe cha kulipa, ombi huenda kwa mtoa huduma, kisha ujumbe wa kuweka namba ya siri hutokea kwenye simu yake baada ya sekunde kadhaa ambazo wewe huna mamlaka nazo. Jakob Nielsen alieleza mwaka 1993 kwamba jibu la ndani ya sekunde 0.1 huonekana la papo hapo, la sekunde 1 bado halikatizi mawazo, na baada ya sekunde 10 mtu huanza kufanya jambo lingine. Kwa hiyo kitufe kibadilike mara tu kinapoguswa, kisiguswe mara ya pili, na maandishi yaseme wazi: "Tazama simu yako. Utapata ujumbe wa kuweka namba ya siri. Usifunge ukurasa huu." Bila maneno hayo, mtu atagusa mara tatu, na mhudumu wa karakana atatumia asubuhi yake kurudisha fedha. Ukurasa pia umweleze la kufanya endapo ujumbe hautokei, kwa mfano kulipa kwa lipa namba na kutuma namba ya muamala.

Hatua ya nane: Makabidhiano

Usimkabidhi mteja ripoti ya alama 100. Alama hiyo hubadilika kati ya jaribio na jaribio hata pasipo mtu kugusa tovuti, na kuisaka kutoka 92 kwenda 100 hula muda ambao ungetumika kuandika vizuri maelezo ya vitanda. Mpe badala yake ile simu mliyohesabu nayo siku ya kwanza, na mhesabu tena mkiwa mmekaa palepale.

Kisha tenga saa moja na mhudumu anayepakia picha, kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa kasi kuanzia siku hiyo. Mfundishe kupunguza picha kabla ya kuipakia, mwekee kwenye seva kikomo kinachokataa faili linalozidi megabaiti 1, na umwachie karatasi moja iliyobandikwa ukutani yenye vipimo vya picha na jina la programu ya kupunguzia. Mwonye mteja naye kwamba mtu yeyote atakayekuja kumwekea kisanduku kipya cha matangazo amweleze kwanza uzito wake.

Kwa kuwa takwimu za wageni halisi hukusanywa kwa siku 28, mabadiliko yako hayataonekana yote kwenye sehemu ya juu ya ripoti hadi muda huo upite. Panga kikao cha pili katika wiki ya tano, fungua ripoti, na ulinganishe na daftari la siku ya kwanza. LCP na CLS zikiwa zimeshuka lakini INP bado iko juu ya milisekunde 200, rudi kwenye orodha ya skripti na uanze na ile iliyoongezwa mwisho.